Kwaya ya shule iliyotupa Wimbo wa Taifa

Nimepotea kama mwezi mzima hivi, wengine mkadhani nimesapu nimejificha. Hapana, nilikuwa TP kule Mbalizi, naamka saa kumi na moja kuwahi daladala na baridi la Mbeya mnalijua wenyewe. Sasa nimerudi chuoni, desa limenirundikia, ila kuna kitu kimenikaa kichwani nikaona kabla sijaanza kupiga msuli nikitue hapa. Ni historia, kwa hiyo wale wa masomo ya sayansi vumilieni kidogo. Wale wa historia nikiteleza nirekebisheni, mkono wangu uko wazi.

Kimeanzia kwenye grupu letu la darasa. Kuna washkaji wanatuma klipu za vijana wa vyuo vya Marekani wanaimba bila ala hata moja. Mmoja anafanya ngoma kwa mdomo, mwingine anafanya gitaa la besi, wengine wanne wanapandana sauti, noma tupu. Wanaita akapela, neno la Kitaliano, maana yake ni kuimba kwa namna ya kanisani. Chini ya klipu maoni ni yale yale: wenzetu wako mbali, sisi tutafika lini...

Mbali wapi jamani? Wewe uliyesoma shule ya msingi hapa Bongo umeimba akapela kila asubuhi kwa miaka saba. Ngoma ya gwaride ikishanyamaza, bendera ikishapanda, mnaanza. Hakuna kinanda, hakuna gitaa, hakuna spika. Kiranja anatoa sauti ya kuanzia (mara nyingi juu mno, hadi wasichana wanakaukwa) na shule nzima inaingia. Na wimbo wenyewe hatukuutunga sisi. Tumeuchukua kutoka kwa kwaya nyingine ya shule, iliyokuwa inaimba vilevile bila ala, miaka zaidi ya 120 iliyopita. Hiyo ndiyo habari yangu ya leo.

Aliyeutunga ni Enoch Sontonga. Alizaliwa karibu na mwaka 1873 Uitenhage, Afrika Kusini, akasomea ualimu Lovedale, halafu akapelekwa kufundisha kwenye shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, pembeni ya Johannesburg, jirani na ilipo Soweto leo. (Soweto ile ya kwao, siyo hii yetu ya hapa Mbeya mjini, teh teh.) Alikuwa mwalimu, kiongozi wa kwaya ya shule, mhubiri wa kawaida kanisani, anaandika mashairi, na kamera anaijua. Mwaka 1897 akatunga wimbo kwa ajili ya wanafunzi wake. Piga hesabu: alikuwa na miaka kama 24. Yaani ni umri wa baadhi yetu hapa mwaka wa tatu, tunaolia bumu limechelewa. Mwalimu kijana, shule ya watu maskini pembezoni mwa migodi ya dhahabu, hana ala, ana sauti za watoto na daftari.

Hapo kwenye daftari naomba tusimame, maana ndipo penye utamu wote. Sontonga hakuandika ile mistari mitano yenye vichwa vyeusi vya nota kama mnavyoona kwenye vitabu vya piano. Aliandika kwa herufi: d, r, m, f, s, l, t. Do re mi. Hiyo ndiyo solfa, na wale mliokulia kwenye kwaya za kanisani mtakuwa mmewahi kuiona kwenye karatasi iliyochakaa ya mwalimu wa kwaya, herufi zimepangwa safu nne, katikati nukta na mistari midogo ya kupimia mapigo.

Solfa ina historia yake nayo. Mwanzoni kabisa yuko mama mmoja Mwingereza, Sarah Glover wa mji wa Norwich, aliyekuwa anafundisha watoto kuimba na kutoa kitabu cha njia yake mwaka 1835. Akaja John Curwen, mchungaji, mwenyewe nasikia muziki haukuwa mwepesi kwake. Mwaka 1841 walimu wa shule za Jumapili walimpa kazi ya kutafuta njia nyepesi ya kuwafundisha watoto kuimba. Akaichukua njia ya Glover, akaibadilisha, akaitangaza. Akili yake ni hii: do haikai mahali pamoja. Ukianza wimbo juu, do iko juu, ukianza chini, do iko chini, na nyingine zote zinaifuata kama watoto wanavyomfuata mama sokoni. Mwimbaji hahitaji kujua ufunguo wa kinanda. Anahitaji kusikia do iko wapi, basi. Na uchapaji wake ni rahisi, maana ni herufi za kawaida zilezile za gazeti. Maskini wa miji ya viwanda Uingereza wakaimba nyimbo ngumu za sauti nne bila kumiliki hata filimbi.

Sasa mtu kama huyo mmisionari akipanda meli, anabeba nini? Piano haibebeki. Solfa inabebeka kichwani. Ukifika unahitaji ubao, chaki, na kile kiuma cha chuma chenye meno mawili, unakigonga gotini, unakiweka karibu na sikio, kinakupa sauti moja ambayo haidanganyi. Kwa bei, hakuna somo rahisi kama hilo duniani. Ndiyo maana Afrika Kusini nzima ilikuwa na kwaya za shule kabla haijawa na redio.

Turudi kwa Sontonga. Wimbo wake uliimbwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza mwaka 1899, kwenye ibada ya kumsimika mchungaji mmoja wa Kimethodisti. Baadaye ukachukuliwa na kwaya ya shule nyingine, Ohlange, shule aliyoianzisha John Dube kule Natal. Vijana wa Ohlange walikuwa wanazunguka kufanya matamasha hadi Johannesburg, na huu wimbo ukawa wa kwao pia. Kwa lugha ya leo, walipiga kava. Na ndiyo iliyousambaza. Tarehe 8 Januari 1912, Bloemfontein, wakati chama ambacho baadaye kiliitwa ANC kinaanzishwa, wimbo ukaimbwa, na Dube huyohuyo akachaguliwa rais wa kwanza. Mwaka 1923 Sol Plaatje akaurekodi London. Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi akawa ameongezea beti, maana Sontonga aliacha ubeti mmoja na kiitikio tu.

Mwenyewe hakuyaona. Alifariki tarehe 18 Aprili 1905, kijana bado. Kaburi lake lilipotea kabisa. Watu walikuwa wanatafuta "Sontonga" kwenye orodha za makaburi ya Braamfontein kumbe aliandikwa kwa jina la Enoch! Lilipopatikana, tarehe 24 Septemba 1996 likatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, Mandela akiwepo. Miaka 91 mtu ambaye wimbo wake unaimbwa na mataifa hana alama juu ya kichwa chake. Mwalimu wa shule ya msingi huyo, msisahau.

Kwetu ulifika rasmi usiku wa tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru: tuni ya Sontonga, maneno ya Kiswahili. Zambia wakauchukua 1964, na mpaka leo tuni ni hiyohiyo ingawa maneno waliyabadilisha 1973. Zimbabwe walikuwa nao kuanzia 1980 hadi 1994. Afrika Kusini wenyewe waliuweka rasmi 1994, wa mwisho kabisa. Kwaya ya shule moja, nchi zote hizo.

Sasa mtaniuliza, Mbalizi inaingiaje hapa? Inaingia, subirini.

Mkitoka Mbeya mjini kuelekea Tunduma, mkishapita Iyunga mnashuka Mbalizi. Malori ya Zambia yamepanga foleni, ndege za Songwe zinapita juu ya vichwa, soko limechangamka ile mbaya. Kando kidogo pako Utengule. Palikuwa ngome ya Merere, mtawala wa Wasangu, enzi walipokuwa wamesukumwa huku na Wahehe. Mwaka 1895 Wamoravian Wajerumani wakaanzisha kituo cha misheni hapo. Walikuwa wameingia nyanda hizi mwaka 1891 kwa kufungulia Rungwe. Wamoravian ni watu wa nyimbo kwelikweli. Mababu zao wa kule Bohemia walichapa kitabu cha nyimbo tangu 1501, kabla Luther hajaanza habari zake. Ila wao Wajerumani ni watu wa matarumbeta pia, na mkipita kwenye usharika wa Moravian hapa Mbeya siku ya Pasaka mtasikia urithi huo bado unalia.

Ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Wajerumani wakaondolewa. Nani akaja kushika vituo vya Rungwe? Waskoti wa Livingstonia, kutoka ng'ambo ya ziwa, Nyasaland, wakavishika hadi katikati ya miaka ya 1920 Wamoravian waliporuhusiwa kurudi. Na Livingstonia ni nini? Ni mtoto wa Lovedale! James Stewart, mkuu wa Lovedale, ndiye aliyesukuma wazo la kuanzisha Livingstonia mwaka 1875. Mwaka uliofuata wakapelekwa walimu Waafrika wanne waliosoma Lovedale, akiwemo William Koyi, Mxhosa. Lovedale ndiyo ileile iliyomfundisha Sontonga ualimu baadaye. Kwa hiyo mtu wa Tukuyu au Mbalizi akisema huyu Sontonga ni mtu wa mbali, mimi nasema hapana. Ni mtoto wa shule moja na waliotufundisha huku. Sisemi wimbo ulipita njia hiyo kufika kwetu. Nasema ukoo wa shule ni mmoja, na ubao wa solfa ni mmoja.

Na tusijidanganye kwamba kabla ya ubao watu wa huku walikuwa bubu. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na mashine yake ya kurekodia, akanasa Wahehe wa Iringa na Wagogo, na zile sauti za Wagogo zinavyopandana ukizisikia hata leo unabaki mdomo wazi. Kina bibi zetu msibani, mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, mmoja anapita juu peke yake kama ndege, nani aliwaandikia solfa? Kuimba kwa sauti nyingi tulikuwa nako. Ubao ulileta namna ya kuandika, ili wimbo wa mtu wa Johannesburg uimbwe na mtu wa Mbalizi bila wao kuonana. Nikipita Chimala huwa nawakumbuka pia wale wa Kanisa la Kristo, ambao kwa imani yao hawatumii ala kabisa kwenye ibada, ni sauti tu tangu mwanzo hadi amina. Akapela ya kila Jumapili hiyo, na hakuna aliyeiita ya Kimarekani.

Haya, TP sasa. Shule sitaitaja. Kwaya yao ilikuwa watu kumi na moja, wengi kidato cha tatu, na walikuwa wamejipa kazi nzito: kuimba "Baba Yetu" kwenye mahafali ya kidato cha nne. Waliupata kwenye simu. Mmoja akaniambia ni wa Wakenya, mwingine akabisha, akasema wa Afrika Kusini. Wote walikuwa nusu sahihi, nusu hapana. Uliundwa na Christopher Tin, Mmarekani, kwa ajili ya gemu ya kompyuta iitwayo Civilization IV iliyotoka 2005. Maneno ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, aliyeyapanga ni Chris Kiagiri, Mkenya, ambaye aliimba kwenye Talisman, kikundi cha wanafunzi wa chuo cha Stanford. Talisman ndio walioimba ile ya kwanza. Wale wa Soweto Gospel Choir waliuimba kwenye albamu ya Tin ya 2009. Mwaka 2011 ukapata tuzo ya Grammy, wa kwanza kutoka kwenye gemu. Leo kwaya za shule Marekani, Ulaya na Asia zinauimba, Kiswahili kinapindishwapindishwa lakini kinaimbwa. Watoto wa Mbalizi walitaka kuurudisha nyumbani. Nikawaambia sawa, nipo nanyi.

Kazi kwelikweli. Ule wimbo una okestra nyuma. Ukiiondoa okestra unagundua ndiyo iliyokuwa inawaonyesha waimbaji pa kukanyaga. Kinanda shule haina. Siku ya kwanza tukashika kwa sikio, simu iko juu ya dawati, kila mtu anaimba anachokisikia, na wote wanasikia ile sauti ya juu tu! Wavulana wanne waliobalehe sauti juzijuzi hawana pa kwenda, wanaunguruma chini kama lori linapanda Iwambi. Umeme ukakatika, simu ikazima. Tukatazamana.

Mwalimu mmoja wa pale akatuambia tumfuate mzee mmoja mstaafu anayekaa nyuma ya shule, alifundisha miaka mingi. Tukaenda.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba wanangu. Karibuni. Huo wimbo wenu unaanzia wapi?"

"Unaanza taratibu mwalimu, halafu..."

"Nauliza do yake iko wapi."

Kimya. Kumi na moja na mimi wa kumi na mbili, digrii hiyo inakuja.

Mzee hakutucheka. Kesho yake alikuja na kile kiuma cha chuma, akakigonga gotini. Akasikiliza simu mara tatu, akachukua chaki, akaandika kipande cha kwanza safu nne. Halafu akakifuta! Akasema hatuanzi na huu, tunaanza na mnaoujua. Akaandika Wimbo wa Taifa. Safu nne, herufi tupu.

Nawaambia ukweli, niliona sura za wale watoto. Miaka kumi wanauimba kila asubuhi, hakuna aliyejua kwamba una besi. Mmoja wa wale wavulana wa kuunguruma akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, huu mstari wa chini ni wangu?" Wako. Akausoma pole pole, d, halafu f, halafu s, akarudi d. Hatua ndefu ndefu, chache, anasimama chini wengine wanajenga juu yake. Wasichana wa sauti ya pili wakaona wanakaa karibu mahali pamoja muda wote, wakalalamika hauna utamu, mpaka walipoungana na wengine. Jioni ile, darasani, giza linaingia, tukauimba mara moja wote. Sitaeleza zaidi, mtasema natia chumvi.

Wale mnaopenda ufundi: kuimba bila ala kuna ugonjwa wake. Sauti zinashuka. Mnaanza kwenye ufunguo mmoja, mnamaliza nusu hatua chini bila kujua, kwa sababu kila anayepanda hatua anaipanda pungufu kidogo na kila anayeshuka anashuka kupitiliza. Mzee alikuwa anagonga kiuma chake mwishoni mwa kila mzunguko, tunasikia aibu yetu wenyewe. Na dawa yake ni besi kutolala na sauti ya tatu kusikiliza besi badala ya kusikiliza wasichana. Kwenye "Baba Yetu" ilituchukua wiki mbili kufika kiitikio tukiwa tumesimama palepale tulipoanzia.

Jumatatu mstarini hao kumi na moja hawakujizuia. Shule nzima inaimba sauti moja kama kawaida, wao wakaingia kwa nne. Mimi nilisimama na walimu, mwili ukanisisimka. Wimbo ukaisha, mwalimu wa zamu akauliza, "Nani kabadilisha Wimbo wa Taifa?" Akaendelea kwamba wimbo wa taifa si bongo fleva wa kuremba, una heshima yake. Na sikumlaumu sana, kwa sababu yeye kauli yake ilikuwa ya kulinda. Nikajaribu kueleza kwa adabu kwamba hatukuremba kitu, wimbo uliandikwa hivyo na mwalimu mwenzetu mwaka 1897, sisi ndio tumeondoa safu tatu. Tukafikia mwafaka wa Kitanzania: mstarini sauti moja, mahafali sauti nne. Basi.

Lakini lile swali halijaniachia. Tumefikaje mahali ambapo wimbo ukiimbwa kama ulivyoandikwa unaonekana umeharibiwa? Mimi jibu langu ni kwamba hakuna aliyekataza solfa, ila iliachwa bila kukabidhiwa mtu. Walimu wa zamani waliipata chuoni pamoja na kuandika ubaoni na kupanga somo. Baadaye muziki ukawa fani ya wachache. Butimba kule Mwanza wanafundisha, Bagamoyo wanafundisha, lakini mwalimu wa kawaida wa Historia na Kiswahili kama mimi namaliza digrii bila mtu kuniuliza do iko wapi. Mtaala wa 2005 uliuweka muziki ndani ya somo jingine, na huu mpya ulioanza kutumika 2024 umeweka sanaa na michezo kwenye masomo ya msingi. Vizuri kabisa. Nani ataingia darasani na chaki? Makanisani nako pleibeki imeingia, kwaya inasimama, mtu anabonyeza, wanafungua midomo. Pleibeki sina ugomvi nayo, inasaidia siku ambayo sauti ya tatu amesafiri. Ila haijawahi kumfundisha mtu kusoma.

Room mate wangu aliposoma rasimu hii akanirukia: solfa ni ukoloni, kwa nini uililie? Tukabishana hadi saa saba usiku. Hoja yake ina mguu, siikatai. Kuna mengi ya kwetu yaliyofukuzwa kanisani na shuleni kwa jina la do re mi, na watu wa maana waliliona hilo mapema. Padri Stephen Mbunga mwaka 1963 aliandika kitabu kizima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, akitetea wa kwetu. Howard Olson pale Makumira alikusanya tuni za makabila yetu zikaingia ibadani. Lakini angalieni walichofanya na hizo tuni ili zifike mbali: waliziandika. Na Sontonga mwenyewe, zile herufi za mama wa Norwich alizigeuza zikawa kitu ambacho serikali ya makaburu haikupenda kukisikia kwa miaka arobaini na kitu. Tena inasimuliwa kwamba daftari lake walimu wa kwaya walikuwa wanaliazima kwa mjane wake mpaka likapotea, na nyimbo zake nyingine zikapotea nalo. Alitunga nyingi, tumebaki na huu kwa sababu kuna watu waliunakili. Room mate hapo akanyamaza. Au alisinzia, sijui.

Mahafali yenyewe sikuyaona, TP iliisha wiki moja kabla. Wamenitumia sauti kwenye WhatsApp. "Baba Yetu" wamemaliza chini kidogo ya walipoanzia, kiitikio cha pili mtu wa sauti ya pili amepotea akarudi, na Wimbo wa Taifa umesimama palepale mwanzo hadi mwisho. Nimeusikiliza mara nyingi kuliko nitakavyokiri hapa.

Sasa ombi. Najua wengi wenu mnaenda likizo Rungwe, Mbozi, Njombe, Iringa, na babu au baba mdogo alikuwa mwalimu wa kwaya. Yale madaftari ya solfa yaliyo kwenye sanduku chini ya kitanda, yenye herufi d r m na majina ya nyimbo mengine kwa Kinyakyusa, mengine Kisafwa au Kihehe, msiyaache yafungiwe maandazi. Pigeni picha kurasa zote kwa simu, na mwulizeni mwenyewe kila wimbo do yake inaanzia wapi akiwa bado ana pumzi ya kuwaimbia. Mkirudi nitafuteni, nimenunua kiuma tayari.

Ngoja nikimbie, nina pindi saa nane na mhadhiri wa huyu hasubiri mtu.